Jina Zuri Kwao, Aibu Kwetu

Kwa Mturuki, mavi ni rangi ya bahari siku ya jua. Kampuni ya nguo iliyoanzishwa Istanbul mwaka 1991 ilikuwa ikishona jinzi za buluu, ikaona hakuna jina linaloifaa zaidi ya hilo, ikajiita Mavi. Leo nguo zake zinauzwa Ulaya, Marekani na Kanada. Nguo za huko zikichokwa na wenyewe hufungwa kwenye belo, zikapakiwa melini na kushushwa bandari ya Dar es Salaam. Shida inaanzia hapo, maana kuanzia Kariakoo hadi Magomeni neno hilo lina maana moja tu, na maana yenyewe si rangi.

Jinzi moja ya namna hiyo niliiona kwenye kibanda cha mitumba Magomeni, si mbali na kituo cha mwendokasi cha Mapipa. Suruali nzima, mshono wa mistari miwili, vifungo vya shaba bado vinang'aa. Mama mmoja alikuwa akimpimia mwanawe, ameridhika na urefu na kiuno, mpaka alipoigeuza na kukuta kile kipande cha ngozi juu ya mfuko wa nyuma.

"Mwanangu, suruali nzuri, lakini kwa maandishi haya simpelekei mtoto. Watamcheka mpaka akatae kutoka nyumbani."

"Usijali mama, linatoka sasa hivi."

Kijana muuzaji akachukua wembe, akaukata uzi mmoja mmoja kwa subira, bila kuigusa nguo. Kipande kilipobanduka, chini yake pakaonekana mstatili wa buluu iliyokolea ambao haujawahi kupigwa na jua wala sabuni. Mama akalipa, suruali ikaingia kwenye mfuko.

Wapo watakaosema huo ni utoto, kwamba neno la watu wengine lisitushughulishe. Sikubaliani nao. Mswahili aliyelelewa akaleleka huchunga ulimi mbele za wazazi, wakwe na watoto. Hata haja ya kawaida kabisa huitafutia jina la pembeni, akasema anakwenda msalani au maliwatoni. Mtu wa namna hiyo huwezi kumvalisha neno kiunoni kisha umwambie asijali. Aibu yake ni ya kweli, na ule wembe wa Magomeni ni jibu la kiungwana kuliko kicheko.

Tena Waturuki wenyewe hawakukosea popote. Neno lao lina asili ya Kiarabu, lilianzia kwenye kitu chenye sifa ya maji, ndipo likawa jina la rangi. Sisi nasi tulikwenda kwenye Kiarabu hicho hicho kutafuta rangi hiyo hiyo, ila badala ya kuinamia maji tukatazama juu mbinguni, tukapata samawati.

Mwaka 2010 jina Mavi lilitufikia katika habari ya msiba. Mei 31, askari wa Israel waliivamia meli ya Kituruki iliyokuwa ikielekea Gaza na misaada, Mavi Marmara. Watu tisa waliuawa, na wa kumi alifariki baadaye kutokana na majeraha. Habari ile haikuwa na chembe ya kuchekesha. Mtu anayeisoma kwa sauti mbele ya Waswahili anabeba mzigo ambao mwenzake wa Kiingereza haujui: kulitaja jina la chombo kikamilifu, na heshima ya marehemu isidondoke.

Viatu vina kisa chao. Jimmy Choo ni fundi viatu mzaliwa wa Penang, Malaysia. Jina la ukoo wake ni Chow. Karani wa vizazi ndiye aliyeliandika vibaya kwenye cheti. Mwaka 1996 jina hilo likawa nembo jijini London, na leo limo kwenye viatu, mikoba na hata manukato. Dada anayenunua chupa ya manukato Kariakoo anataka kunukia, na juu ya chupa pameandikwa mahali ambapo asingependa kukumbushwa. Kama karani yule angeandika kwa usahihi, sisi tusingekuwa na la kusema.

Watanzania na Wakenya walioko Marekani wanalo lao: maduka ya juisi yaliyoanzia California mwaka 1990, ambayo kwa miaka mingi yaliitwa Jamba Juice. Mwaka 2019 wenyewe waliamua kufupisha jina, wakaondoa Juice, wakabakiza lile lile ambalo kwetu mtu akilifanya hadharani huomba radhi.

Lakini kisa kizito zaidi kwa jiji hili ni cha Tigo. Kampuni hiyo ya simu ilikuja kama Mobitel, ikawa Buzz, kisha ikapewa jina ambalo masikioni mwa Mhispania linakumbusha contigo, yaani "nawe". Lilipoingia nchini lilikuwa safi, halina maana nyingine yoyote. Mtaa ndio uliolichafua, ukalifanya tusi la nguoni linalohusu maungo ya nyuma. Aliyeumia zaidi ni dada wa kibanda cha wakala, aliyekaa kutwa chini ya jina hilo akiwahudumia wateja kwa adabu, huku kijana mmoja asiye na haya akiuliza kuhusu salio kwa sauti yenye maana mbili. Kuna waliokwepa kabisa kulitaja, wakawa wanasema "nitumie kwenye ile ya 0713." Mwaka 2022 Millicom, mmiliki wake, iliiuza kampuni hiyo kwa wawekezaji walioongozwa na Axian ya Madagascar, na Novemba 2024 ikawa Yas. Jina liliondoka kwa sababu ya kuuzwa, si kwa ajili ya dada yule, ingawa naamini alipumua.

Kwingineko duniani kampuni husikiliza mapema. Mitsubishi walipoambiwa jina Pajero ni tusi kwa Wahispania, huko wakaliuza gari kwa jina la Montero. Inasemekana Honda walitaka kuita kigari chao kipya Fitta, wakagundua ni neno chafu kwa Waswidi. Ndiyo hiyo Honda Fit tunayoiona kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Hyundai nao mwaka 2017 waliipa Kona jina la Kauai nchini Ureno kwa sababu hiyo hiyo. Ureno ina watu wapatao milioni 10.

Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, kina wasemaji zaidi ya milioni 200, na tangu Novemba 2021 shirika hilo limekitengea siku ya Julai 7 kila mwaka. Bado sijaona kampuni kubwa hata moja iliyotangaza kubadilisha jina kwa ajili yetu. Hilo linaniuma, kwa sababu sisi ni wateja, tunalipa fedha kama wengine.

Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inazuia kusajili alama inayokwenda kinyume na maadili. Ninachotaka ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kupokea jina geni, iliulizie kwa BAKITA, baraza la Kiswahili ambalo lipo tangu 1967 na linajua kazi yake. Ulizo lenyewe liwe na maswali ya mtaani pia, siyo ya kamusi tu, maana kamusi isingeweza kutuambia lolote kuhusu Tigo. Na mfanyabiashara wa nje anayeona njia hiyo ni ndefu, ashuke Mtaa wa Congo, Kariakoo, na jina lake limeandikwa kwenye karatasi, awaonyeshe mawinga, madalali wa hapo. Wakitazamana na kunyamaza, arudi akatafute jingine.