Fedha za Kutengeneza Nyumba Kuukuu

Bibi mmoja wa Temeke, mjane, aliniuliza kama Serikali yatoa fedha za kutengeneza nyumba zilizochakaa. Yake ni ya miti na udongo. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga, na sasa ukuta wa nyuma umeinama, na mabati yameliwa na kutu.

Kwanza tujue ni nyumba gani sheria huihesabu kuwa ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 nayo hulindwa, haipelekwi ng'ambo bila kibali. Waziri aweza pia kutangaza jengo la baadaye kwa ajili ya historia yake. Kule Magomeni, nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1950, wakati wa kudai uhuru, imehifadhiwa kuwa makumbusho. Lakini kulindwa si kupewa fedha. Hata Boma la Kale mjini, lililojengwa zamani za Sultani Majid katika miaka ya 1860, lilitengenezwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, likafunguliwa tena mwaka 2017. Ikiwa boma la mji lilitaka msaada, sembuse nyumba ya mjane!

Basi nyumba ya kawaida hutengenezwa kwa fedha za mwenyewe, au kwa mkopo. Na mkopo wataka hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka leseni ya makazi kwa wakaao mahali pasipopimwa, nayo yaweza kuwekwa rehani. Leseni ina muda. Itazame kabla haijakwisha.

Kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake, kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Hiyo ni ya biashara. Anayeinunulia mabati hujitia katika deni pamoja na wenziwe, maana mabati hayaleti faida ya kulipia.

Kwa bibi yule neno la kwanza si benki, bali mirathi. Leseni ina jina la mumewe. Hapana budi ukoo ukutane, umpendekeze msimamizi, na Mahakama ya Mwanzo imthibitishe. Ndipo leseni ibadilishwe jina, na mkopo uombwe. Kikao amekwisha kukiitisha mara mbili. Shemeji zake wawili bado hawajafika, na masika yakaribia.