Je, Wajua? Mhusika Naye Ana Kwao

Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, kila mchezaji hubeba mhusika mmoja, naye mwendeshaji husimulia yanayowakuta. Lakini mhusika huyo katokea wapi?

Je, wajua kwamba Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ilimwanzisha mhusika kwa namba tu? Dadu 3 zilirushwa, mara 6: nguvu, akili, hekima na nyinginezo. Historia yake aliipata humo humo mchezoni, akinusurika.

Je, wajua kwamba katika Traveller ya mwaka 1977 mhusika aliweza kufa kabla mchezo haujaanza? Alipitishwa jeshini au kwenye meli za biashara, miaka 4 kwa 4, dadu zikiamua. Aliyesalimika alikuja mezani mtu mzima, ana ujuzi wake na pengine hata pensheni.

Je, wajua kwamba Champions, mwaka 1981, ilikulipa kwa kuwa na adui? Ukikubali mhusika wako awindwe, au awe na jamaa anayemtegemea, ulipewa pointi za kumwongezea uwezo.

Je, wajua kwamba katika Fate Core ya mwaka 2013 karatasi huzungushwa? Unaandika kisa chako, kisha wenzako wawili wanaongeza jinsi wahusika wao walivyoingia humo. Mchezo unaanza mkiwa mmeshajuana.

Je, wajua kwamba maisha ya nyuma ya mhusika mmoja yalifika kwenye runinga? Taliesin Jaffe, mchezaji katika kipindi cha Critical Role, alimpa mhusika wake Percy familia iliyouawa na akina Briarwood. Mwendeshaji Matthew Mercer akaifuata habari hiyo, na mwaka 2022 ikawa kiini cha msimu wa kwanza wa katuni ya *The Legend of Vox Machina*.

Je, wajua kwamba sentensi 2 zinatosha kumpa mhusika wako historia? “Mama aliuza shamba ili anikomboe. Sijui alimuuzia nani.” Hapo mwendeshaji keshapata mtu, deni na swali. Wiki kadhaa baadaye, tajiri mliyekwenda kumwomba hifadhi anafungua kasha, anatoa hati iliyokunjwa, na chini yake pana alama ya dole gumba la mama yako. Andika kifupi, ila acha swali ambalo hata wewe hujui jibu lake. Mwendeshaji atakutafutia.