Kuongoza Hoki ya Barafu Kwenye Nchi Yenye Kiwanja Kimoja

Kila nikiwaambia jamaa zangu wa Mombasa kwamba Kenya ina timu ya taifa ya hoki ya barafu, hucheka kwanza, kisha huuliza: hiyo barafu iko wapi? Swali hilo si la mzaha. Ndilo linalomsumbua mtu anayeuongoza mchezo huu tangu asubuhi hadi usiku.

Barafu iko katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mnaokuja Nairobi kwa basi mnaipita kabla hamjafika mjini. Kiwanja kile kilifunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya watu kujiburudisha, si kwa mashindano. Chini yake mna mabomba ya kupitisha baridi. Maji humwagwa juu kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka yagande yawe sakafu. Mvuvi wa kwetu anayenunua barafu ya kuhifadhia samaki anajua hesabu yake: barafu ni umeme, na umeme ni pesa. Mwenye hoteli lazima aurudishe umeme ule kwa wateja wanaolipa. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kiongozi wa hoki ni kuomba saa. Hana ufunguo wa kiwanja anachokitegemea.

Tena ni kidogo. Uwanja kamili wa mchezo huu una urefu wa mita 60 na upana unaofika hadi mita 30, na kila timu huingiza watu 6, kipa akiwemo, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Cha Panari hakifiki hapo hata kidogo. Vijana wa Ice Lions, wengi wao waliotokea kwenye viatu vya magurudumu juu ya lami, walijifunzia humo, na Mkanada Tim Colby akawa kocha wao. Kwa miaka hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, wakawa wanajigawa wacheze wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Canada, ikawapa vifaa kamili, na wakacheza upande mmoja na mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Filamu fupi ya safari ile ilizunguka dunia.

Lakini filamu haiiingizi nchi kwenye mashindano. Hapo ndipo kazi isiyopigwa picha inapoanza. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka kila chama cha mchezo kisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, kiwe na katiba, na katiba hiyo ieleze uchaguzi utafanywa vipi na hesabu zitatolewa vipi. Bila cheti hicho, vijana wale wangebaki kikundi cha marafiki, hata wakivaa bendera. Ndiyo maana kuna shirikisho la michezo ya barafu la Kenya, jambo ambalo wengi huliona kichekesho.

Shirikisho hilo ndilo lililobisha hodi kwa IIHF, chama cha dunia cha hoki ya barafu kilichoundwa Paris mwaka 1908. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki. Afrika Kusini, Morocco, Algeria na Tunisia zilitangulia. Mwanachama mshiriki anaketi mkutanoni lakini hapigi kura. Kura ni ya wanachama kamili. Hata hivyo si haba. Mlango wa kozi za makocha na waamuzi unafunguka, na kijana anaweza kutambuliwa kuwa mchezaji wa Kenya popote.

Mimi nakaa Kahawa Wendani, upande wa Ruiru, na kutoka huku ndipo naona ugumu wenyewe. Mtoto wa Wendani anayetaka kucheza atashuka Barabara ya Thika mpaka mjini, atafute gari la pili la Barabara ya Mombasa, kisha jioni arudi njia ile ile kwenye msongamano. Hapo nauli yake ni mara nne kwa siku moja ya mazoezi. Viatu vya barafu havishonwi Gikomba, na mguu wa mtoto haungoji. Kiongozi anayesema anakuza mchezo, nami naamini wanajitahidi, itambidi ajibu hilo kabla ya kuzungumzia medali.

Wenzetu wa Ghuba wanatuonyesha kwamba joto peke yake si kizuizi. Umoja wa Falme za Kiarabu umo IIHF tangu 2001, Oman tangu 2014, na wengi wetu tuna ndugu Dubai waliokwisha kuuona uwanja wa barafu ndani ya Dubai Mall. Huko kuna mafuta, najua. Lakini kuna pia viwanja zaidi ya kimoja. Kwetu, korona ilipoingia 2020 na hoteli zikafungwa, mchezo mzima ulifungwa pamoja na mlango mmoja. Timu ya kandanda ikikosa uwanja Tononoka itahamia ufukweni. Hoki ya barafu haina pa kuhamia, na mpaka kijengwe kiwanja cha pili, katibu wa shirikisho ataendelea kupiga simu hotelini kuuliza Jumatano kuna saa ngapi zilizobaki.