Samaki Aliye Hai na Tijara ya Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Kidatu, akaupita mji wa Ifakara pasipo kutua mzigo, akafika Kivukoni, mahali ambapo zamani pantoni ilikuwa ndiyo njia ya kuvukia kwenda Lupiro na Mahenge, na ambapo tangu mwaka 2018 limesimama Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, atakuta bidhaa iliyolitangulia daraja, ikaitangulia pantoni, na kwa hakika ikautangulia mji wenyewe, nayo ni samaki. Aghalabu huja amekwisha kubanikwa, mweusi kwa moshi, amepangwa katika matenga. Na miongoni mwa jamii zote zilizomo tengani, kambale ndiye atambulikanaye upesi, kwa kichwa chake kipana na sharubu zake. Wandamba, ambao uvuvi na kilimo cha mpunga ni urithi wao tangu kale, walimvua kwa migono na nyuzio wakati maji yalipokuwa yakirudi mtoni baada ya masika, na mchuuzi wa leo humpakia garini au katika reli ya TAZARA akamfikisha kwa walaji wa miji ya mbali.

Tijara hiyo ni ya halali na imesomesha watoto wengi, wala sina neno la kuitia dosari. Nia yangu ni kuizungumza biashara nyingine iliyo ndugu yake, ambayo bonde limejaaliwa karibu kila kitu chake isipokuwa mazoea: biashara ya samaki wa jamii ya kambale aliye hai, ama afugwe bwawani kwa ajili ya mbegu na kitoweo, ama afugwe sebuleni ndani ya tangi la kioo kwa ajili ya kutazamwa. Nashikilia kwamba thamani ya samaki wa namna hii haitoki katika mto aliozaliwa. Hutoka katika maarifa ya mtu awezaye kumfikisha hai na kumweka hai, na nchi isiyo na maarifa hayo huweza kuwa na samaki mzuri kuliko wote duniani ikabaki kumtazama akitajirisha wengine.

Tuanze na rasilimali yenyewe. Bonde hili la Kilombero, lililolala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, liliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa mataifa yote, likiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 7,967. Mto wake ukikutana na Luwegu ndipo huzaliwa Rufiji, na maji unayoutolea Rufiji yanakaribia theluthi mbili ya maji yake yote. Kila mwaka mvua zikishiba, mto huvunja kingo zake ukatandaa juu ya majani, na kambale hupanda kwenda kutaga katika maji hayo mafupi na ya vuguvugu. Yumo pia kitoga, na yumo ngogo, ambaye ndani yake kuna aina ya mabonde ya Rufiji iliyoelezwa na mtaalamu R. G. Bailey mwaka 1968 na kupewa jina la Synodontis rufigiensis. Mvuvi hampendi ngogo. Miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ina meno ya msumeno, nayo akiisimamisha hunasa nyavuni hata kumtoa kukawa ni taabu kubwa kuliko bei yake. Lakini jamii hiyohiyo ya ngogo, katika maduka ya samaki wa mapambo ya Ulaya, Marekani na Asia, ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa kwa hamu, kwa madoa yao, kwa sauti wanayoitoa kwa kusugua mifupa ya mapezi, na kwa tabia zao za ajabu, mathalan yule wa mto Kongo aogeleaye tumbo likiwa juu.

Hapa hatuna budi kutupa macho magharibi, katika Ziwa Tanganyika, maana huko ndiko jambo hili lilikokwisha kujaribiwa. Mwaka 1971 Pierre Brichard alianza kuwapeleka nje samaki wa mapambo kutoka Burundi, na baadaye wavuvi wa kuzamia wakaifanya kazi hiyo katika mwambao wa Kigoma pia. Miongoni mwa waliosafirishwa ni ngogo wa madoa, Synodontis multipunctatus, ambaye G. A. Boulenger alikwisha kumwandika tangu mwaka 1898, lakini siri yake haikufahamika hadi mtaalamu wa Kijapani Tetsu Sato alipoieleza mwaka 1986: kwamba ngogo huyu hutaga mayai yake katikati ya mayai ya samaki wengine walezi wa kinywani, na mama wa watu akayaokota yote pamoja akayatia kinywani kuyalinda, kumbe vifaranga vya ngogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye nyumba. Habari hiyo ilimpandisha samaki daraja machoni pa wafugaji wa ughaibuni. Kisha nini kikafuata? Wafugaji wa Ucheki, na wa Florida, na wa Asia, walijifunza kuzalisha ngogo wa aina nyingi katika matangi yao, wengine wakichanganya damu za aina mbili au tatu, hata leo ngogo mwenye sura ya Tanganyika huweza kuuzwa London akiwa hajawahi yeye wala babu yake kuliona ziwa. Mahali pa asili palibakia na fahari, na sehemu kubwa ya faida ikahamia kwa mwenye ujuzi wa tangi. Mtu wa Kilombero akitaka kuingia katika biashara hii sharti aanze alipofika mwenzake wa Ucheki, yaani katika utunzaji, na kile atakachomzidi kwacho ni ukweli wa nasaba: samaki aliyetoka katika mto unaojulikana, asiyechanganywa damu.

Ama utunzaji huo huanza palepale dagoni, kambini kwa wavuvi, kabla samaki hajaona mji. Ngogo atakiwaye hai hatolewi nyavuni kwa kuvutwa. Uzi ukishamshika mwiba, ni heri kuukata uzi, na lililo bora zaidi ni kumchota pamoja na maji yake kwa bakuli. Kabla ya safari hukaa siku moja au mbili bila kulishwa, ili asiyachafue maji atakayosafiri nayo. Kisha hutiwa katika mfuko wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Lakini kwa kuwa miiba yake hutoboa plastiki, mfuko mmoja hautoshi, bali huwekwa miwili au mitatu na karatasi nzito katikati, au hutumika chombo kigumu chenye kifuniko. Giza humtuliza, na ubaridi wa usiku humpunguzia haja ya hewa, kwa hiyo gari la alfajiri ni bora kuliko la adhuhuri. Akifika, mfuko huachwa uelee katika tangi kadiri ya robo saa hata joto la maji mawili lilingane, kisha maji ya tangi hutiwa ndani kidogo kidogo. Mfanyabiashara aonaye kuwa hayo ni madoido atayalipa kwa samaki watakaokufa siku ya tatu mikononi mwa mnunuzi, na mnunuzi huyo hatarudi.

Kambale ana wepesi wake. Juu ya mashavu yake ana kiungo chenye matawi ambacho humwezesha kuvuta hewa hii tuivutayo sisi, ndiyo maana huweza kutambaa katika tope kutoka dimbwi hadi dimbwi, na ndiyo maana huweza kusafiri katika ndoo nyuma ya bodaboda akafika mzima, mradi ndoo isijazwe pomoni, maana asipopata nafasi ya kupanda kuvuta pumzi atadhurika. Lakini wepesi huo usimdanganye mtu akamweka sebuleni. Kambale wetu, Clarias gariepinus, hukua hata kupita mita moja, hutembea usiku, humeza kila kinachoenea kinywani mwake, na tangi lisilofunikwa hulihama kwa miguu, kama msemo unavyoruhusu. Naona ni dhuluma kumuuzia mtu kambale mchanga wa kidole kimoja pasipo kumwambia atakuwa nani mwaka ujao.

Samaki wa sebuleni ni ngogo, na mahitaji yake si mengi ila hayana mjadala. Anataka mchanga laini, maana changarawe yenye makali huzichuna sharubu zake. Anataka maficho ya mawe, magogo na vyungu vilivyovunjika. Anataka wenzake, kwa kuwa mmoja peke yake hushinda amejificha. Na anataka chakula kizamacho, kitiwe jioni taa zikizimwa, la sivyo samaki wa mchana watakimaliza. Tangi jipya lisitiwe samaki wengi siku ya kwanza. Kinyesi chao hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho, na bakteria waigeuzao kuwa kitu chenye madhara madogo huchukua kadiri ya wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kupita hapo, robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yalale katika ndoo wazi siku nzima kwanza. Dawa za samaki zitumike kwa hadhari, kwani ngogo na kambale hawana magamba, na kipimo kimfaacho samaki wa magamba huweza kuwadhuru wao. Na kwa miji yetu ambamo umeme hukatika, ngogo, asiye na kiungo cha kambale, hutegemea pampu ya hewa. Dawa yake ni samaki wachache katika maji mengi, na pampu ndogo ya betri kando.

Maarifa ya kuhifadhi viumbe wa majini si mageni Ifakara, jambo ambalo wengi hawalitazami kwa jicho la biashara. Maabara ya Kiswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy mwaka 1957 ndiyo shina la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, na katika mabanda yake ya utafiti vijana wa mji huu wamezoea kulea viluwiluwi vya mbu katika maji ya joto lililopimwa, wakiwalisha chakula kilekile cha unga kinachotengenezewa samaki wa matangi ya kioo. Mkono uliozoea kazi hiyo hauhitaji mafunzo marefu kulea kifaranga cha samaki. Fauka ya hayo, mkoani Morogoro kipo kituo cha ufugaji samaki cha Kingolwira, na kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako elimu hii hufundishwa.

Hata hivyo matangi peke yake hayatamlisha mtu mapema, maana wanunuzi wa samaki wa mapambo nchini, wenye hoteli, ofisi na nyumba chache za Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, bado si wengi. Kinachoweza kuubeba mtaji ni vifaranga vya kambale. Jike lililokomaa hudungwa homoni, au dondoo la tezi iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, kisha mayai hukamuliwa. Gramu 1 ya mayai ina takriban mayai 700, kwa hiyo jike moja la kilo moja huweza kutoa makumi ya maelfu. Dume, kwa bahati mbaya, huchinjwa ili manii ipatikane. Katika joto la nyuzi 25 hadi 28 mayai huanguliwa kati ya saa 24 na 36, na baada ya siku tatu hivi kiini humalizika na njaa huanza. Hapo ndipo hasara kubwa hupatikana: wakubwa huwala wadogo, na asiyewachambua kwa kimo mara kwa mara atahesabu wachache walioshiba badala ya wengi waliopona. Chakula nacho, katika ufugaji wa namna hii, huchukua aghalabu zaidi ya nusu ya gharama. Ifakara ina mashine za kukoboa mpunga na pumba tele, lakini pumba bila dagaa, soya au mashudu ya alizeti hazimkuzi kambale. Kwamba kifaranga hai ni bidhaa kamili, wavuvi wa mishipi wa Ziwa Viktoria wamekwisha kutuonyesha, maana kambale mchanga aliye hai ndiye chambo wanachonasia sangara.

Yapo mambo mawili ya sheria na hekima. Uvuvi wote na usafirishaji wa samaki hai umo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na mwenye nia njema humwona bwana samaki wa wilaya kwanza, akapata leseni na kibali, kabla ya kununua hata ndoo. La pili ni zito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kambale wa Asia aliletwa Florida kwa ajili ya matangi ya kioo. Akatoroka, akatembea usiku wa mvua, na hadi leo amejaa katika mifereji ya kusini ya jimbo hilo. Kambale wetu naye amepelekwa India na Brazili, akawa adha huko. Katika mito yetu wenyewe sato aliyetolewa kwingine kwa ajili ya mabwawa amechanganyika na perege wa asili. Wazazi wa vifaranga vya Kilombero na watoke Kilombero, na samaki wa tangini aliyemchosha mwenyewe asitupwe mtoni kamwe, hata akiwa mdogo namna gani.

Anayekusudia kuanza ana kalenda aliyopangiwa na mvua. Wazazi wa kambale huchaguliwa na kutengwa bwawani ifikapo Oktoba, ili wawe wamejaa mayai mvua za Novemba na Desemba zinapowaita. Vifaranga huuzwa wenye mabwawa wakiwa na maji ya kutosha, na fedha yake ndiyo inunue kioo, pampu na mitungi ya oksijeni. Ngogo husubiri hadi Juni na Julai, maji yanaporudi mtoni na mvuvi kumpata kwa wingi karibu na njia, na wakati huo ndipo inapofaa kukaa naye dagoni, kumlipa bei iliyo juu ya ile ya matengani kwa kila samaki asiye na jeraha, na kumwachia bakuli.