Hamira Inapojila Yenyewe

Hamira ya kuumulia mikate na maandazi ni kiumbe hai cha seli moja. Ikipata sukari na virutubisho vingine, huchipua seli changa na kutoa gesi inayoumua donge la unga. Ikikosa nitrojeni, ambayo bila hiyo protini haziwezi kutengenezwa, haifi papo hapo. Huanza kula sehemu za mwili wake, tena kwa utaratibu.

Chakula kinapokuwa tele, protini iitwayo TOR huuzuia utaratibu huo. Njaa ikiingia, kizuizi huondoka, na protini za kundi la Atg hukusanyika kando ya vakuoli, kifuko kikubwa ambamo seli humeng'enyea vitu. Hapo utando mwembamba huanza kuumbika kama bakuli, ukizidi kupanuka na kuzingira ute wa seli pamoja na vilivyomo: protini, ribosomu, hata mitokondria. Kingo zake zikikutana, huwa kifuko cha tabaka mbili. Tabaka la nje huungana na utando wa vakuoli, na mzigo, ukiwa bado umefungwa na tabaka la ndani, huingia humo. Vimeng'enya huusaga, kisha asidi amino hurudishwa kwenye ute zikajenge protini mpya.

Ugumu ulikuwa kuyaona haya yakitendeka, kwa kuwa mzigo husagwa mara tu unapoingia. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Yoshinori Ohsumi alipata hila nyepesi ajabu: alitumia hamira zisizo na vimeng'enya vya vakuoli, kisha akazishindisha na njaa. Baada ya saa chache tu vakuoli zilijaa vifuko visivyosagwa, vikichezacheza mbele ya hadubini ya kawaida. Mwaka 1993 yeye na Miki Tsukada walitangaza makundi 15 ya hamira zenye kasoro, kila moja likielekeza kwenye jeni yake. Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Si kila kitu hupitia vakuoli. Protini moja moja zilizoharibika hutiwa alama iitwayo yubikwitini na kukatwakatwa na chombo kidogo cha seli kiitwacho proteasomu.

Jeni nyingi za Atg zina jeni zinazolingana nazo kwa wanyama na binadamu. Vitoto vya panya walioondolewa jeni ya Atg5 hufa ndani ya siku moja baada ya kuzaliwa, katika kipindi ambacho chakula kilichokuwa kikitoka kwa mama kupitia kondo kimekatika.