Mbege ya Desemba na jina lisilotajwa

Kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa Wachagga wanaorudi nyumbani. Hilo si jambo geni. Lisilosimuliwa ni kwamba siku nyingi kabla hawajashuka, Marangu kuna mama ameshaingia jikoni kupika mbege ya ukoo wa mumewe.

Kazi yake haina njia ya mkato. Ndizi mbivu huchemshwa kwenye sufuria kubwa mpaka zigeuke nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao hulowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Unga wake hupikwa uji, ukapozwa, ndipo ukachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Uchungu unatoka kwenye gome la mti wa msesewe: likizidi, anasema mama huyu, wazee wanakunja uso, likipungua, wanauliza nani kawapikia togwa.

Ndizi ni za kihamba, shamba la migomba la ukoo. Ulezi hununuliwa kwa fedha zinazotumwa kwa simu, na yeye anamjua kila aliyetuma. Kimila, kihamba humwendea zaidi mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho. Wa kati ndio waliokwenda kutafuta mjini. Kwake, hao ndio wasiokosa kutuma. Anaamini wanataka siku yao ikifika wazikwe kwenye migomba ya baba yao.

Siku ukoo unapokusanyika, mzee wake humimina mbege kidogo chini, penye masale, mmea wa heshima kwa Wachagga, akiwataja marehemu kwa majina na kuwaombea walio hai. Hapo ndipo ada ya mtoto yatima hupata wa kuilipa. Ndugu waliokosana nao hupatana hapo: anayeomba msamaha humpelekea mwenzake jani la isale, na kulikataa ni jambo zito. Mama amewaona wakiinuka pamoja watu ambao hata salamu walikuwa wamenyimana.

Ni Mlutheri, na hajaona ugomvi kati ya ibada ya Jumapili na kata ya mbege ya mababu. Kinachomkera ni majina. Mama mkwe wake, aliyemfundisha kuionja mbege kwa ncha ya ulimi, hajawahi kumsikia akitajwa. Na mabinti wanaotuma fedha kutoka mjini, watatajwa kwa baba zao au kwa waume zao? Au hawatatajwa kokote?

Wazee wa koo, Desemba hii kabla hamjamimina, ulizeni nani amepika, na nani alimfundisha. Kisha watajeni.