KUISHI KARIBU NA KAZI: MITAA YA KAMPALA KWA MFANYAKAZI ANAYEKWENDA KWA MIGUU



Wanachama wapya wanaofika Kampala kutoka wilayani huuliza swali moja hata kabla ya kuuliza habari za mshahara: "Nikae wapi?" Wengine husema hilo si swali la chama, ni shauri la mtu mwenyewe. Mimi sikubali. Mshahara wa kweli ni ule unaobaki baada ya kulipa chumba na nauli, na chama kinachodai mshahara bila kuangalia mambo hayo mawili kinafanya nusu ya kazi.

Tuanze na hesabu. Tuseme mtu anapanga chumba mbali, na taksi inamtoza shilingi 2,000 asubuhi na 2,000 jioni. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 104,000. Mwenzake amepanga chumba karibu na kiwanda, kodi yake imezidi kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, lakini anakwenda kwa miguu. Huyu wa pili ndiye mwenye faida, tena analala saa moja zaidi. Weka nauli yako na kodi yako mahali pa hizo nilizotaja, uone jibu lako. Usisahau siku za mvua, maana mvua ikinyesha nauli hupanda na boda boda hutaja bei apendayo.

Mtu mwenye afya hutembea kilomita 5 kwa saa kwenye njia tambarare. Lakini Kampala ni mji wa vilima, na mtu aliyesimama zamu ya saa nane au kumi hatembei jioni kama alivyotembea asubuhi. Kwa hiyo nasema kilomita 3 ndiyo mpaka. Zaidi ya hapo utatembea mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili utarudi kwenye taksi.

Sasa, kwa nini mitaa ya wafanyakazi iko pale ilipo? Haikutokea kwa bahati. Lugard alijenga ngome yake juu ya kilima cha Old Kampala mwaka 1890, na kando yake ulikuwako tayari mji mkuu wa Kabaka upande wa Mengo. Baadaye ikawa miji miwili iliyogusana: mji wa Wazungu na Wahindi chini ya sheria za serikali ya kikoloni, na Kibuga chini ya serikali ya Buganda. Katika mji wa serikali mfanyakazi Mwafrika alitakiwa kazini mchana, lakini nyumba za kumlaza usiku zilikuwa chache sana. Kuvuka mpaka kuingia Kibuga, wenye ardhi walijenga vyumba vya kupangisha. Ndivyo Kisenyi, Katwe na Mulago zilivyojaa watu: ni kwa sababu mtu aliweza kutoka hapo na kufika kazini kwa miguu. Hata leo Kisenyi ni mtaa wa mashine za kusaga mahindi na Katwe ni mtaa wa mafundi wa chuma, na wengi wao wanalala hatua chache kutoka mahali wanapofanyia kazi.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na kazi ikasogea upande wa mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilimwita Ernst May, mchoraji wa majengo kutoka Ujerumani aliyekuwa amejenga nyumba nyingi za wafanyakazi mjini Frankfurt. Huyu alichora mpango wa kuongeza Kampala upande wa Kololo na Naguru. Katika miaka ya 1950 zikajengwa nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru. Nakawa ilikuwa ya kodi ya chini, Naguru ya waliopata zaidi kidogo. Walikaa humo Waganda, Waacholi, Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, na wengine wengi. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wengi humo, jambo ambalo wanaosema Kiswahili si lugha ya Kampala hawapendi kulisikia. Mwaka 1970 serikali iliwafukuza kazini maelfu ya Wakenya, na majirani wengi wakatengana siku hiyo.

Nyumba zile zilikuwa ndogo na zilichakaa. Hata hivyo mtu wa Nakawa aliweza kwenda kiwandani, sokoni na shuleni kwa mtoto wake bila kulipa nauli hata senti moja. Mwaka 2011 wapangaji waliondolewa na nyumba zikavunjwa ili pajengwe mji mdogo wa kisasa. Jiwe la msingi liliwekwa 2013, yaani miaka miwili baada ya watu kwenda zao. Waliotoka pale walisambaa, na wengi wao sasa hulipa nauli kurudi upande uleule waliokuwa wakitembea.

Mtaa wa pili wa kuufahamu ni Namuwongo, na hapa nitakaa kidogo. Industrial Area iko ng'ambo tu ya reli. Saa kumi na mbili asubuhi utaona mstari wa watu wakipita juu ya mataruma, wengine wamebeba viatu mkononi kwa sababu ya matope, wanavaa wakifika kwenye lami. Vyumba vya bei nafuu vipo, maji ya kununua yapo, mama wa chapati yupo kabla ya alfajiri. Kwa kutembea, sijui mtaa wa kuushinda.

Lakini ujue unapanga nini. Upande wa juu ni mtaa wa nyumba nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilifanya mradi wa kuboresha Namuwongo, viwanja vikapimwa, na mwishowe viwanja vingi vikawa mikononi mwa wenye uwezo. Maskini waliteremka chini ya reli, kwenye bonde la mfereji wa Nakivubo. Huko mvua kubwa ikinyesha maji huingia ndani. Ardhi nyingine ni ya hifadhi ya reli, na Julai 2014 vibanda vingi vilivyokuwa kando ya reli vilivunjwa. Basi kabla ya kutoa kodi ya miezi mitatu, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 ukaulize chumba kiko umbali gani kutoka relini, na maji ya mwaka jana yalifika wapi ukutani. Alama ya maji haifichiki. Kibuli, juu ya kilima jirani, haina maji ya mafuriko, bali kodi yake ni ya juu zaidi na jioni kuna mlima wa kupanda.

Wanaofanya kazi Luzira na Port Bell, kwenye bia, bandari na viwanda vya hapo, wana Luzira yenyewe na Kitintale. Port Bell ndiyo pwani yetu sisi tusio na bahari. Wenye kazi upande wa Nakawa na Ntinda huangalia Banda na Kinawataka, na Kinawataka ina bonde lenye maji kama lile la Namuwongo.

Namanve ni shauri jingine. Viwanda vingi vipya vimehamia huko, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya mji, mahali palipokuwa msitu. Viwanda vilijengwa, nyumba za wafanyakazi hazikujengwa. Anayekaa Bweyogerere anaweza kutembea; wa Kireka na wa Seeta wako kwenye mpaka wa nguvu za mtu; wa Namuwongo aliyehamishwa pamoja na kiwanda chake amekwisha kupoteza faida yake yote. Treni ya abiria kati ya Kampala na Namanve ilianza tena Desemba 2015, ikasaidia, lakini 2023 ilisimamishwa reli ikitengenezwa. Na anayetembea kando ya Jinja Road anajua malori yanavyompuliza.

Aprili 2011 viongozi wa upinzani walianza kutembea kwenda kazini ili kupinga bei ya mafuta na chakula, nao wakakamatwa. Sisi wengine tulikuwa tukitembea hivyo kila asubuhi bila kupigwa picha.

Ndugu zetu wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira watasema wao hawana shida hii, kwa maana nyumba za kampuni ziko shambani. Ni kweli, hatua ni chache. Lakini nyumba ya mwajiri ina mlango mmoja na kazi: siku kazi inapofungwa, na nyumba imefungwa. Mzee aliyekata miwa miaka thelathini huondoka na godoro lake. Kwa hiyo mtu wa laini asiache kununua kiwanja kidogo pale anapoweza, na tawi lisiache kudai muda wa kutosha wa kuhama uandikwe katika mapatano.

Jambo la nyumba limewahi kupiganiwa karibu nasi. Mombasa, mji wa kale wa pwani, mfanyakazi wa bandari ya Kilindini alikaa Majengo au Mji wa Kale akaenda kazini kwa miguu, lakini kodi ilimla. Mwaka 1939 wafanyakazi waligoma, kodi ya nyumba ikiwa katika madai yao, na baadhi yao wakapata posho ya nyumba. Januari 1947 karibu mji mzima uligoma tena. Hapa kwetu kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais. Kwa hiyo anayengoja sheria imlipie chumba atangoja sana. Njia iliyopo ni mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri.

Katika mapatano hayo mambo matatu yanahusu miguu yetu. La kwanza ni posho ya nyumba kutajwa peke yake, isizamishwe ndani ya mshahara. La pili ni gari kwa wanaotoka zamu ya usiku, hasa kina mama, kwa sababu njia ambayo saa moja jioni ina watu, saa sita usiku ina vibaka. La tatu ni fidia kiwanda kinapohamia mahali pasipofikika kwa miguu, na hili wengi husahau mpaka malori ya kuhamisha mashine yamekwisha kufika.

Makatibu wa matawi, kabla ya kikao na mwajiri chukueni daftari. Andikeni mtaa anaokaa kila mwanachama, dakika anazotembea, nauli anayolipa na kodi ya chumba chake. Mwajiri akisema watu wake wanaishi karibu, wekeni daftari mezani.